Maswali ya Wasomaji: Joto na Ufa Unaokua Polepole

Toleo lililopita tulieleza kwamba ufa mdogo unaweza kukua kwa miezi, hata miaka, chini ya mzigo ambao siku ya kwanza haukutosha kuvunja chochote. Barua zilizofuata karibu zote ziliuliza jambo moja: je, joto huuharakisha ufa huo? Kujibu "ndiyo" na kuishia hapo kungewapotosha baadhi yenu, tena wale wanaofanya kazi na vyombo vya hatari zaidi. Kwanza ijulikane nini kinachousukuma ufa: maji, chumvi, chuma kutambaa kwa moto, au hidrojeni. Kila kimoja kina joto lake kinachostawi ndani yake.

Kokoto ilipiga kioo cha mbele cha gari langu ikaacha alama ndogo. Kwa wiki kadhaa haikubadilika. Kisha mchana mmoja wa jua kali niliwasha kiyoyozi, ufa ukakimbia hadi pembeni. Wa kulaumiwa ni jua au kiyoyozi? (Msomaji, Dodoma)

Vyote viwili, kila kimoja kwa njia yake, na kuna mshiriki wa tatu ambaye hukumtaja: maji.

Kioo cha kawaida ni mtandao wa silikoni na oksijeni. Kwenye ncha ya ufa, viungo vya mtandao huo vimevutwa hadi karibu na kukatika. Molekuli ya maji iliyomo hewani inapofika pale, inakikata kiungo kimoja, na kila upande unabaki na kundi la hidroksili (oksijeni moja na hidrojeni moja). Ufa unasonga hatua moja, kisha maji mengine yanafika. Mwaka 1967 mtafiti Sheldon Wiederhorn alipima kasi hiyo katika hewa ya unyevu tofauti akaona kwamba, mkazo ukiwa uleule, hewa yenye unyevu mwingi husogeza ufa haraka zaidi. Mwaka 1970 yeye na mwenzake Bolz walipima ndani ya maji ya 2°C hadi 90°C na kuonyesha kwamba mmenyuko huu unafuata sheria ya kawaida ya kemia: joto likipanda, kasi inapanda kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha. Kwa kioo cha soda na chokaa, ndicho cha kawaida, kizuizi cha nishati ambacho mmenyuko unapaswa kukivuka ni takriban 109 kJ/mol pasipo mkazo, na mkazo unakishusha. Tuseme mkazo umekishusha hadi 60. Basi kutoka 25°C kwenda 35°C kasi ya ufa inaongezeka zaidi ya mara mbili, na kioo kikifika 60°C juani inakuwa kama mara 13.

Kwa hiyo katika zile wiki ambazo "haikubadilika", alama yako ilikuwa inabadilika. Ilikuwa inasogea kwa kiasi ambacho jicho halioni.

Kiyoyozi ndicho kilichomaliza kazi. Hewa baridi inapopuliza sehemu moja ya kioo cha moto, sehemu hiyo inataka kusinyaa lakini inashikiliwa na kioo cha moto kinachoizunguka, kwa hiyo inavutwa. Tofauti ya 30°C, ikiwa sehemu hiyo imeshikiliwa kabisa, inaleta mkazo wa kuvuta wa karibu MPa 24 (megapaskali, kipimo cha mkazo). Ukiweka mkazo huo juu ya ufa uliokwisha kurefuka, ufa unafika kwenye kiwango ambacho hausubiri maji tena. Hapo unakimbia.

Alama ikiwa bado ndogo, ifunike mara moja kwa utepe mwangavu wa gundi ili maji na vumbi visiingie. Egesha kivulini. Ukiingia kwenye gari lililopigwa na jua, fungua madirisha kwanza, elekeza hewa ya kiyoyozi miguuni, na ongeza baridi kidogo kidogo. Fundi wa kujaza resini akaushe alama kabla ya kuijaza, na asiifanye kazi hiyo kioo kikiwa cha moto. Maji yaliyofungiwa chini ya resini yanaendelea kula kioo, na shinikizo la pampu kwenye kioo chenye mkazo linaweza kuutoa ufa mbio mbele ya macho yake.

Shikamooni. Ninasoma uhandisi, na mradi wangu wa mwisho ni kupima ukuaji wa polepole wa nyufa katika porselini ya vikombe vya nguzo za umeme, ndani ya maji ya 25°C na ya 80°C. Nianzie wapi, na nitakosea wapi? (Mwanafunzi, Dar es Salaam)

Marahaba. Umechagua mradi mzuri, na unaweza kuufanya bila darubini ya kufuatilia ufa wenyewe.

Kasi ya ufa katika kauri huandikwa v = A·K^n. K ni ukali wa mkazo kwenye ncha ya ufa, A na n unavitafuta. Kioo cha kawaida kina n ya karibu 16 hadi 20. Porselini nyingi ziko juu ya hapo, alumina juu zaidi. Njia rahisi ni kuvunja vipande kwa kasi tofauti za kupakia mzigo. Ukipakia polepole, maji yanapata muda wa kurefusha ufa, na kipande kinavunjika kwa mzigo mdogo zaidi. Chora logi ya nguvu dhidi ya logi ya kasi ya mkazo: mwinamo wa mstari ni 1/(n+1).

Kata vipande vya milimita 3 × 4 × 50. Kingo nne ndefu zichongwe kwa 45°, kama milimita 0.12, ukisugua kufuata urefu wa kipande, kamwe usisugue kwa kukatiza. Mtindo wa kupinda uwe wa nukta nne: nguzo za nje ziachane milimita 40, za ndani milimita 20. Kipande kikilala na unene wa milimita 3 ukiwa wima, mkazo kwa MPa ni nguvu kwa nyutoni mara 0.83. Porselini ya MPa 90 itavunjika karibu na nyutoni 108, kwa hiyo usitumie seli ya mzigo (kihisi cha nguvu) ya kilonyutoni 50: kelele yake itameza kipimo chako.

Tumia kasi nne: MPa 10, 1, 0.1 na 0.01 kwa sekunde, vipande 10 au zaidi kwa kila kasi. Hivyo ni 40 kwa joto moja, 80 kwa yote mawili, na utenge vingine 10 vya kuvunja kwa haraka katika mafuta makavu ya silikoni ili ujue nguvu ya porselini pasipo maji. Changanya vipande vyote kwenye ndoo moja na uvichukue bila mpangilio. Ukivunja vilivyokatwa kwenye tofali moja la porselini kwa kasi moja na vya tofali jingine kwa kasi nyingine, utapima tofauti ya matofali na kuiita n.

Sasa hesabu ya muda, ambayo wanafunzi wengi huisahau hadi mashine inapohitajika na mwingine. Kwa MPa 0.01 kwa sekunde, kipande cha MPa 90 kinachukua sekunde 9,000, yaani saa mbili na nusu. Vipande kumi ni saa 25. Njia halali ya kupunguza ni kupakia haraka hadi asilimia 60 ya nguvu unayotarajia, kisha uanze kasi ya polepole. Kwa kuwa n ni kubwa, ukuaji wa ufa chini ya asilimia 60 ni mdogo mno kuathiri jibu, na saa 25 zinakuwa 10. Usivuke asilimia 70, maana kipande dhaifu kitavunjika wakati wa kupakia haraka na utakipoteza.

Makosa mengine tunayoyaona sana ni haya. Kipande kinatiwa kwenye maji ya 80°C na mzigo unaanza papo hapo. Kiache kwanza dakika 15 ndani ya maji, la sivyo tofauti ya joto ndani yake inaongeza mkazo wake. Maji ya 80°C yanapungua kwa mvuke na chumvi zake zinazidi; tumia maji yaliyotoneshwa, funika beseni, na yabadilishe kila siku. Themokopo (kipimajoto cha waya) iwe kando ya kipande, si kando ya hita. Na usitupe vipande vilivyovunjika: angalia kila kimoja ufa ulianzia wapi. Ulioanzia kwenye ukingo unapima uchongaji wako.

Kuhusu kusoma matokeo, tuseme n ni 29. Kila unapopunguza kasi mara kumi, nguvu inashuka asilimia 7 tu, ilhali vipande vya porselini vyenyewe vinatofautiana kwa asilimia 10 bila shida. Ndiyo maana vipande vitatu kwa kila kasi havitoshi. Halafu usilinganishe n ya 25°C na n ya 80°C ukaishia hapo, maana n inaweza kubadilika kidogo tu. Angalia mstari mzima umeshuka kiasi gani. Nguvu ikishuka asilimia 5 kwa kasi ileile, wasomaji wa ripoti yako watasema si kitu. Piga hesabu uwaonyeshe: 0.95 kwa kipeo cha 30 ni karibu 0.21, maana yake kikombe kinachobeba mzigo uleule katika joto lile kitadumu moja ya tano ya muda. Hiyo ndiyo sentensi ya kuweka kwenye ukurasa wa kwanza.

Ukiulizwa kama hali inazidi kuwa mbaya joto likiendelea kupanda, jibu ni hapana, si moja kwa moja. Juu ya 100°C katika hewa ya kawaida, maji yanaanza kuondoka kwenye uso na ukuaji wa aina hii unadhoofika. Upande wa pili, katika naitrojeni ya kimiminika yenye −196°C, hautokei kabisa. Baadaye sana, joto linapokaribia kulainisha kioo kilichomo baina ya fuwele za kauri, ufa unaanza upya kwa sababu nyingine: kioo hicho kinateleza na mashimo yanafunguka kwenye mipaka ya chembe. Ndiyo maana alumina ya asilimia 96, yenye kioo kingi baina ya chembe, inachoka mapema kwenye tanuri kuliko ya asilimia 99.7.

Tangi la maji moto la chuma cha pua 304 juu ya paa la hoteli yetu linavuja. Nyufa zimetawanyika kama matawi ya mti chini ya foronya ya kuzuia joto. Chuma hakina kutu. (Fundi, Mombasa)

Ni kloridi (chumvi), kutoka kwenye hewa ya bahari au kwenye maji ya kisima, pamoja na mkazo uliobaki kwenye weldi. Kwa chuma cha 304 nyufa hizi ni nadra chini ya 50°C na zinaongezeka kadiri unavyopanda kutoka hapo. Chini ya foronya iliyolowa ndipo pabaya zaidi, maana maji yanakauka na chumvi inabaki ikirundikana siku baada ya siku. Kuziba kwa weldi juu ya ufa hakutadumu: weldi mpya inaleta mkazo mpya kando yake. Badilisha tangi kwa chuma cha dupleksi kama 2205 (chuma cha pua kinachostahimili kloridi zaidi), au chuma cha kawaida chenye enameli ndani. Na foronya mpya ifungwe isiingize mvua hata tone.

Boila yetu inatoa mvuke wa 500°C. Kwa muda mrefu kipimo kimekuwa kikionyesha 520°C na tumeambiwa nyuzi 20 si kitu. Sasa tumeona ufa kwenye heda ya supahita, kando ya weldi ya stabu. Tuchimbe tuujaze? (Fundi wa boila, kiwanda cha sukari)

Msiujaze bado, fundi. Na nyuzi 20 si ndogo. Kwa wasomaji wengine: supahita ni mabomba yanayozidi kuupasha mvuke, heda ni bomba nene linaloukusanya, na stabu ni kipande kifupi cha bomba kilichochomelewa kwenye heda.

Chuma kinapovuka karibu asilimia 40 ya joto lake la kuyeyuka, likihesabiwa kwa kelvini, kinaanza kurefuka polepole chini ya mzigo hata kama mzigo ni wa halali. Huko ndiko kutambaa, ambako wahandisi wanakuita krip. Kwa vyuma vya boila mpaka huo uko karibu na 430°C. Kwa alumini uko karibu na 100°C, na risasi inatambaa hata kwenye joto la chumba. Ndani ya chuma, matundu madogo yanazaliwa kwenye mipaka ya chembe, yanaungana, na ufa unapita katikati yao. Hapa joto ni adui wa moja kwa moja, hakuna sehemu ya juu ambako linatulia.

Kadirio lenye manufaa ni la wahandisi Larson na Miller, la mwaka 1952. Chukua joto kwa kelvini, zidisha kwa (20 + logi ya saa). Kwa mkazo uleule jibu halibadiliki. Heda iliyobuniwa kudumu saa 100,000 kwa 500°C, ambayo ni kelvini 773: 773 × 25 = 19,325. Kwa 520°C, kelvini 793: 19,325 ÷ 793 = 24.37, toa 20, inabaki 4.37, yaani saa kama 23,400. Kwa nyuzi 20 tu umebaki na chini ya robo ya maisha. Kwa nyuzi 10 ungebaki na kama nusu. Hesabu hii ni ya chuma kisicho na ufa. Chenye ufa kinaelekea upande uleule.

Kabla ya kugusa ufa, thibitisheni kipimo chenyewe. Pelekeni themokopo ikalinganishwe na nyingine iliyopimwa karibuni, maana za zamani huyumba. Kumbukeni pia kwamba joto la mvuke si joto la chuma: magamba ya oksidi ndani ya bomba la supahita yanazuia joto kupita, na ukuta wa bomba unakuwa wa moto kuliko mvuke unaopita ndani.

Kisha mjue ni ufa wa aina gani. Ufa ulio ndani ya heda, unaotoka tundu la bomba moja kwenda jingine, mara nyingi unatokana na kuwasha na kuzima: maji baridi au mvuke wa joto tofauti unapiga ukuta mnene. Ufa ulio kwenye ukanda mwembamba kando ya weldi, kama mnavyoueleza, unaelekeza kwenye krip, kwa sababu joto la kuchomelea liliacha pale chembe dhaifu. Sagueni hadi chuma king'ae, tumieni poda ya sumaku kuona urefu wote, kisha chukueni replika, yaani nakala ya uso wa chuma: ng'arisheni kwa sandpepa laini zaidi na zaidi, malizieni kwa almasi ya mikroni 1, lisheni kwa asidi ya nitriki asilimia 2 kwenye spiriti, bandikeni filamu ya asetati iliyolainishwa kwa asetoni, ikikauka ibanduliwe na kutazamwa kwa darubini ya mara 400.

Hapo ndipo sababu ya kutojaza inapoonekana. Ufa wa krip una matundu mbele ya ncha yake, ndani ya chuma ambacho kwa jicho ni kizima. Kutoboa tundu kwenye ncha, kama tunavyofanya kwa ufa wa uchovu kwenye chasi ya lori, hapa hakusaidii. Mkichimba ufa peke yake na kuujaza, mnashonea weldi mpya kwenye chuma kilichokwisha kuoza. Endeleeni kuondoa chuma na kuchukua replika hadi matundu yaishe. Yasipoisha kabla ukuta haujawa mwembamba kuliko unene halali, heda ibadilishwe. Na mkaguzi wa boila aitwe kabla ya kazi, si baada.

Tunapaka zinki kwa umeme kwenye bolti za daraja la 12.9, zile zenye nguvu sana. Zinapita mtihani wa kuvutwa, lakini zikikazwa jioni, asubuhi vichwa vimeanguka. Hakuna joto lolote hapo. (Karakana, Nairobi)

Kutokuwepo kwa joto ndiko tatizo. Asidi ya kusafishia na umeme wa kupakia vimeingiza hidrojeni ndani ya chuma. Bolti inapokazwa, atomi za hidrojeni zinatembea kuelekea mahali penye mkazo mkubwa, yaani chini ya kichwa na kwenye uzi wa kwanza wa nati, zikikusanyika pale ufa unazaliwa na kusonga. Kwenye baridi kali sana hidrojeni haitembei. Kwenye joto la kutosha inatembea mno, haikai, inatoka nje. Joto la kawaida la karakana ndilo linaloipendelea. Mtihani wenu unapita kwa sababu unavuta kwa dakika moja, na hidrojeni inataka saa. Mtihani wa kweli ni kuning'iniza sampuli zenye mfuo kwa mzigo wa asilimia 75 ya nguvu yake kwa saa 200.

Dawa ni oveni. Bolti ziingie ndani ya saa 4 baada ya kupakwa, kwenye 190°C hadi 220°C, kwa saa 8 hadi 24 kadiri chuma kinavyokuwa kigumu. Anza kuhesabu saa bolti zikishafika joto hilo, si oveni. Fanyeni hivyo kabla ya kromati, kwa sababu utando wa kromati unaharibika kwenye joto hilo. Punguzeni pia muda wa asidi. Palipo na kutu nyepesi, mchanga wa kupuliza unatosha. Tukiulizwa ushauri wetu, 12.9 isipakwe kwa umeme kabisa. Mipako ya chembe za zinki inayochovywa na kuokwa haiingizi hidrojeni.

Habari zenu. Kwenye mitambo ya jotoardhi tunabanwa sana kuhusu ugumu wa weldi, hata kwa mabomba ya maji yaliyopoa ambayo hayana shinikizo kubwa. Kwa nini wasibane ya mvuke moto? (Msomaji, Naivasha)

Kwa sababu mvuke wa jotoardhi unabeba hidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Inapoyeyuka kwenye maji yaliyopoa inatia hidrojeni ndani ya chuma, na inafanya kazi ileile iliyovunja bolti za Nairobi, hasa chuma kikiwa kigumu. Hatari ni kubwa zaidi karibu na joto la kawaida, kati ya 20°C na 30°C, na inapungua bomba likiwa la moto. Mabomba ya mvuke yanaponea hapo, lakini yakizimwa kwa matengenezo yanapoa, maji yanajikusanya sehemu za chini, na hatari inaingia. Yakimbizeni maji mara tu mtambo unapozimwa.

Kiwango cha juu cha ugumu kwa vyuma vya kawaida ni 22 HRC (kipimo cha Rockwell C), ambacho kwenye weldi hupimwa kwa kipimo cha Vickers, takriban 250 HV. Pimeni kwa mzigo wa kilo 10, kwenye mstari unaopita chuma cha kawaida, ukanda ulioathiriwa na joto na weldi yenyewe, alama ziwe karibu-karibu kwenye ule ukanda. Sehemu ngumu huwa nyembamba, na alama zilizoachana mbali zinairuka. Mkipata zaidi ya kiwango, sababu mara nyingi ni chuma kilichochomelewa bila kupashwa joto kwanza, au weldi fupi ya kushikizia iliyopoa haraka na ikaachwa ndani ya weldi kuu.